Sura ya Babu, Injini ya Mjukuu

Kabla ya lami kufika, barabara ya kutoka Athi River kupitia Kitengela na Kajiado hadi Namanga ilikuwa mtihani wa gari. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga za Athi hunata na kuteleza. Kiangazi kikirudi, vumbi huingia kila tundu.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwenye njia za namna hiyo, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mwaka uliofuata Vic Preston alishinda akiendesha kigari chenye mgongo wa kobe, Volkswagen Beetle. Kigari hicho kilishinda tena 1957, kisha 1962 mikononi mwa Tommy Fjastad. Injini yake iko nyuma, upande wa magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo uzito wake huyashindilia matopeni. Hakina rejeta ya kuchemka, maana hupozwa kwa upepo wa feni.

Muundo huohuo ulimfaa mwenye gari nyumbani. Injini imeshikwa kwenye gia kwa boliti nne. Watu wawili wenye jeki na spana huishusha wenyewe. Madigadi nayo yamefungwa kwa boliti, hivyo lililopondeka hubadilishwa peke yake. Oili ni lita 2.5 tu, na mahali pa filta pana chujio la waya la kuoshwa. Nafasi ya vali hupimwa kwa kibati chembamba injini ikiwa baridi, milimita 0.15 katika modeli nyingi. Vumbi la Kajiado hunaswa kwenye bakuli la oili la kuchujia hewa. Tope likijaa, humwagwa na kutiwa oili mpya. Taa ya chaji ikiwaka, dereva husimama papo hapo: fenibelti ikikatika, chaji hukoma na feni ya kupoza injini nayo husimama.

Spea zilitafutwa Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan.

Kitengela yenyewe ilibadilika baadaye. Ranchi ya kikundi iligawanywa mwaka 1988, na kuanzia 1990 eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likaanzishwa jirani, Athi River. Wafanyakazi walikuja, ploti za futi hamsini kwa mia zikauzwa, na sensa ya 2019 ikakuta mji wa watu zaidi ya 150,000. Ukuta na geti vilimpa mwenye gari kitu asichokipata kwenye fleti: mahali pa kulala chini ya gari Jumamosi nzima.

Beetle mpya ikaja na mambo mengine. Mwaka 1997 Volkswagen ilianza kuunda New Beetle huko Puebla, Mexico, ikivisha sura ya zamani mifupa ya Golf ya kizazi cha nne. Fungua boneti: injini iko mbele, inapozwa kwa maji. Oili, filta, plagi na brekipedi bado ni kazi za uani. Mkanda wa taimingi unadai alama zake zilingane sawasawa. Ukiruka meno, vali zinaweza kugonga pistoni. Taa ya injini nayo ikiwaka, fundi aliyezoea kuisikiliza kabureta huhitaji mashine ya kusoma kompyuta, inayochomekwa chini ya dashibodi.

Beetle ya asili ilikoma Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21. New Beetle ilikoma 2011, na kwa kuwa Kenya haipokei gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane, mlango wake umekwisha kufungwa. Iliyoirithi ilikoma 2019. Anayeitaka New Beetle sasa hana budi kuinunua hapahapa nchini, na kabla ya kulipa aulize mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini.