Gyudon

Gyudon (kwa Kijapani: 牛丼, gyūdon) ni chakula cha Japani kinachoandaliwa kwa vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe na vitunguu maji vilivyochemshwa kwa muda mfupi katika mchuzi wenye chumvi na utamu, kisha kupakuliwa juu ya bakuli la wali. Ni kati ya vyakula vya bei nafuu vinavyoliwa sana nchini Japani, migahawani na majumbani. Ikiwa wali umeshapikwa, nyumbani huwa tayari kwa takriban dakika 20.

Jina

Neno gyū linamaanisha ng'ombe, na don ni kifupi cha donburi, yaani bakuli lenye kina. Donburi ni pia jina la kundi zima la vyakula vinavyopakuliwa juu ya wali katika bakuli la namna hiyo. Jina la zamani ni gyumeshi, yaani "wali wa ng'ombe", ambalo bado linatumiwa na baadhi ya migahawa.

Historia

Kwa karne nyingi watu wengi wa Japani hawakula nyama ya ng'ombe. Mwaka 675 Kaisari Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, kima na kuku katika miezi kadhaa ya kila mwaka. Sababu zake zilihusiana na mafundisho ya Ubuddha kuhusu kuua viumbe, tena ng'ombe alihitajika kwa kulima mashamba ya mpunga. Amri za namna hiyo zilirudiwa mara kadhaa baadaye, ingawa nyama haikutoweka kabisa.

Hali ilibadilika baada ya mwaka 1868, serikali ya Kaisari Meiji ilipoanza kupokea mambo mengi kutoka Ulaya na Marekani. Mwaka 1872 ilitangazwa kwamba Kaisari mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Katika miji ya Yokohama na Tokyo ilienea migahawa ya gyunabe, yaani nyama ya ng'ombe iliyopikwa katika chungu kifupi mbele ya mlaji. Nyama hiyo na mchuzi wake ilipowekwa juu ya wali, kikapatikana chakula cha haraka cha watu wenye kipato kidogo, kilichoitwa gyumeshi.

Mwaka 1899 Matsuda Eikichi alifungua mgahawa wa Yoshinoya katika soko la samaki la Nihonbashi, Tokyo. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wa sokoni waliohitaji kushiba na kurudi kazini mara moja. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923, vibanda vya kuuza chakula hiki vilienea mjini, na mwaka 1926 Yoshinoya ilihamia Tsukiji pamoja na soko. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 kampuni hiyo ilifungua matawi mengi. Ilifilisika mwaka 1980 baada ya kujipanua haraka mno, lakini ilifufuliwa. Wapinzani wake wakuu ni Matsuya na Sukiya.

Marufuku ya nyama ya Marekani

Desemba 2003 ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uligunduliwa katika ng'ombe mmoja wa jimbo la Washington, Marekani. Japani, ambayo ilikuwa imeona mgonjwa wake wa kwanza wa ng'ombe mwaka 2001, ilisimamisha mara moja uagizaji wa nyama ya ng'ombe kutoka Marekani.

Yoshinoya ilitegemea karibu kabisa nyama hiyo, hasa sehemu ya chini ya mbavu kuelekea tumboni. Ng'ombe wa Marekani hulishwa nafaka, hivyo sehemu hiyo huwa na mafuta mengi yaliyopangika kwa tabaka kati ya nyama. Ni mafuta hayo yanayoupa mchuzi ladha yake, na ndiyo yanayozuia vipande vyembamba visikauke. Nyama ya ng'ombe waliolishwa majani ni kavu zaidi na haikutoa ladha ileile.

Tarehe 11 Februari 2004 Yoshinoya iliacha kuuza gyudon, na watu walipanga foleni kupata bakuli la mwisho. Badala yake iliuza butadon, chakula kama hicho cha nyama ya nguruwe. Sukiya ilirudisha gyudon mwaka uleule kwa kutumia nyama ya Australia. Marufuku iliondolewa Desemba 2005, ikarudishwa Januari 2006 baada ya mifupa ya uti wa mgongo kukutwa katika shehena moja, ikaondolewa tena Julai 2006. Yoshinoya ilianza kuuza tena gyudon mnamo Septemba 2006.

Viungo

Kwa watu wawili hutumika kwa kawaida:

- nyama ya ng'ombe yenye mafuta kiasi, gramu 250
- kitunguu maji kikubwa 1
- dashi, mililita 150
- sosi ya soya, vijiko vya chakula 3
- mirin, vijiko vya chakula 2
- sake, vijiko vya chakula 2
- sukari, kijiko cha chakula 1
- wali, mabakuli 2

Dashi ni supu nyepesi ya Kijapani inayotengenezwa kwa mwani mkavu uitwao kombu na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi na kuparuzwa. Mirin ni pombe tamu ya mchele yenye kilevi cha takriban asilimia 14, na sake ni pombe ya mchele isiyo tamu sana. Kuchemsha hupunguza kilevi lakini hakukiondoi chote. Wasiotumia pombe, wakiwemo Waislamu, huacha vyote viwili na kuongeza sukari na maji kidogo. Baadhi ya aina za sosi ya soya pia huwa na kilevi kidogo kutokana na uchachushaji, hivyo huchagua zile zenye alama ya halali. Pasipokuwa na dashi, supu nyepesi ya kuku au maji yaliyolowekewa uyoga mkavu hutumika, ingawa ladha hubadilika.

Wali wa Kijapani hupikwa kwa mchele wa punje fupi ambao hushikana, tofauti na basmati ambao punje zake huachana. Kwa sababu hiyo huinuliwa kwa urahisi kwa vijiti hata ukiwa umelowa mchuzi.

Upishi

Nyama ngumu hulainika kwa kupikwa polepole kwa saa nyingi, mpaka kolajeni iliyo kati ya nyuzi zake iyeyuke. Gyudon haina muda huo. Kazi ya kulainisha hufanywa na kisu: nyama hukatwa vipande vya unene wa milimita 1 hadi 2, na kisu hupita kwa kukingama nyuzi, si kwa kufuata urefu wake. Nyuzi zikiwa fupi, meno huzitenganisha bila shida.

Katika maduka ya Japani nyama huuzwa ikiwa imeshakatwa hivyo kwa mashine. Pasipo huduma hiyo, kipande kizima huwekwa ndani ya friza kwa saa moja hadi mbili mpaka kikazane bila kuganda kabisa, ndipo hukatwa kwa kisu kikali. Nyama laini isiyopozwa huteleza na kutoa vipande vinene, na vipande vinene ndiyo sababu ya kawaida ya gyudon kuwa ngumu.

Dashi, sosi ya soya, mirin, sake na sukari huchemshwa pamoja katika kikaango kipana. Vitunguu vilivyokatwa vyembamba huongezwa na kupikwa kwa dakika 5 hivi mpaka vilainike. Kisha nyama hutandazwa juu yake na kutenganishwa ili isishikane. Povu linalopanda huondolewa kwa kijiko. Nyama ikishabadilika rangi yote, dakika 3 hadi 5 zinatosha. Ikiachwa zaidi hukakamaa, hasa isiyo na mafuta.

Uliwaji

Gyudon huliwa ikiwa ya moto pamoja na tangawizi nyekundu iliyohifadhiwa katika siki, ambayo hukata mafuta mdomoni. Pilipili ya unga iliyochanganywa na viungo vingine, iitwayo shichimi, hunyunyizwa juu. Pembeni huwekwa supu ya miso.

Wajapani wengi huongeza yai bichi. Mayai ya Japani huoshwa, hukaguliwa na kuandikwa tarehe ya mwisho ya kuliwa mabichi. Mahali pasipo na utaratibu huo, yai bichi linaweza kuleta maambukizi ya salmonella, na ni salama zaidi kuliwa likiwa limeiva.

Chumvi ni jambo lingine la kuangaliwa. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya huwa na zaidi ya gramu 2 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku. Bakuli moja linaweza kufikia zaidi ya nusu ya kiasi hicho, hata kabla ya supu ya miso.

Vyakula vinavyofanana

Nchi nyingine za Asia zina njia zake za kuiva haraka kwa nyama ya ng'ombe. Katika bulgogi ya Korea nyama nyembamba hulowekwa katika sosi ya soya na pea lililosagwa, ambalo vimeng'enya vyake hulainisha nyama, kama papai bichi linavyofanya katika mishkaki ya Afrika Mashariki. Wapishi wa Kichina hupaka vipande wanga wa mahindi kabla ya kuvikaanga kwa moto mkali, ili maji ya nyama yasitoke. Nchini Thailand nyama ya kusaga hukaangwa pamoja na pilipili, vitunguu saumu na majani ya mrehani, kisha huliwa kwa wali.