Maisha Marefu ya Windows XP

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoisimamia kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, hauchakai kwa kutumiwa kama mashine inayoubeba. Huzeeka kwa sababu mianya iliyojificha ndani yake huendelea kugunduliwa mwaka hadi mwaka, na waundaji wake wanapoacha kuiziba, kila mwanya unaogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi kwa yeyote mwenye nia mbaya. Historia ya Windows XP, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Microsoft tarehe 25 Oktoba 2001, inaonyesha kwamba siku ya kuacha kuziba mianya hiyo haikuamuliwa na ufundi, kwani viraka viliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi baada ya mwisho uliotangazwa, na lililobadilika ni nani aliyeruhusiwa kuvipata.

Viraka ni vipande vya programu vinavyotolewa ili kurekebisha kasoro za mfumo ambao tayari umo mikononi mwa watumiaji. Mwanzoni vilitolewa bila ratiba maalumu, na wengi hawakujishughulisha navyo, mpaka Agosti 2003 ulipoenea mnyoo ulioitwa Blaster, yaani programu haribifu inayojisambaza yenyewe mtandaoni bila mwenye kompyuta kufungua chochote. Kompyuta iliyoshambuliwa ilionyesha kisanduku cha onyo kilichohesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha ikajizima, na ilipojiwasha tena hali hiyo iliweza kujirudia kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kupakua dawa. Kiraka cha kuuzuia mnyoo huo kilikuwa kimetolewa tangu Julai. Oktoba mwaka huohuo Microsoft ilianza kutoa viraka vyake kila Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu unaofuatwa hadi leo, na Agosti 2004 ikatoa mkusanyo mkubwa wa marekebisho uliouwasha ukuta wa kinga wa mtandao bila kumsubiri mtumiaji auwashe.

Mkusanyo huo uliipa XP nguvu mpya, na kwa kuwa Windows Vista, iliyofika kwa umma mwanzoni mwa 2007, ilihitaji kompyuta zenye uwezo mkubwa zaidi, wengi hawakuona sababu ya kuhama. Hata hivyo, iliyoing'ang'ania XP kwa nguvu zaidi haikuwa kompyuta ya mezani bali mitambo: mashine za kutolea fedha za benki, vifaa vya kupiga picha za mwili hospitalini na mitambo ya viwandani, ambayo hununuliwa kwa bei kubwa ili itumike miaka mingi, na ambayo programu zake huandikwa na kupimwa kwa mfumo mmoja tu, hivi kwamba kuubadilisha mfumo kunaweza kulazimu kununua mtambo mzima upya.

Usaidizi wa kawaida ulikoma Aprili 2009, na ule wa nyongeza, uliohusu viraka vya usalama peke yake, ukakoma tarehe 8 Aprili 2014. Kwa mtu wa kawaida huo ndio ulikuwa mwisho, lakini taasisi kubwa zilikuwa na mlango mwingine, ulioitwa usaidizi maalumu na kulipiwa kwa mkataba. Serikali ya Uingereza ililipa pauni milioni 5.5 kwa mwaka mmoja, Uholanzi nayo ikafanya mapatano yake, na mwaka 2015 Jeshi la Wanamaji la Marekani likatia saini mkataba wa dola milioni 9.1 kwa ajili ya XP na programu nyingine za umri huo.

Palikuwa na njia ya tatu, ambayo pengine ndiyo inayofunua mengi zaidi. Toleo moja la XP lililotengenezwa kwa mashine za malipo ya madukani, POSReady 2009, liliahidiwa viraka hadi Aprili 2019, na wiki chache tu baada ya Aprili 2014 ikagunduliwa kwamba XP ya kawaida ingeweza kuvipokea pia. Ilitosha kufungua rejista, yaani daftari la ndani ambamo Windows huhifadhi mipangilio yake, kuunda ufunguo wenye jina PosReady, kisha kuuwekea thamani moja yenye tarakimu 1. Microsoft ilionya kwamba viraka hivyo havikupimwa kwa ajili ya kompyuta za kawaida, na onyo hilo lilikuwa la haki, lakini lilithibitisha kwamba viraka vyenyewe vilikuwapo.

Jambo hilo lilidhihirika kwa uchungu tarehe 12 Mei 2017, WannaCry, mnyoo uliofunga mafaili na kudai fidia, ulipovuruga hospitali nyingi za Uingereza. Kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa, kiraka kilikuwa kimetolewa Machi. Kwa XP kilitolewa bure baada ya shambulio kuanza, na saini yake ya kidijitali, alama inayothibitisha mtengenezaji na wakati wa kutengenezwa, ilionyesha tarehe ya Februari. Ni kweli kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambazo wenyewe hawakuwa wameweka kiraka walichokuwa nacho, na kwamba XP mara nyingi ilizimika badala ya kueneza mnyoo. Lakini dawa iliyokwisha kutengenezwa haikupaswa kukaa ghalani kwa miezi hiyo, kwa sababu mnyoo hauchagui aliyelipa na asiyelipa. Mei 2019, ulipogunduliwa mwanya mwingine wa namna hiyo, kampuni haikusubiri shambulio, bali ilitoa kiraka cha XP kwa wote.

Tangu hapo uuzaji wa muda wa ziada umefanywa waziwazi. Mashirika yaliyobaki na Windows 7 yaliweza kununua viraka kwa miaka 3 hadi Januari 2023, kwa bei iliyopanda kila mwaka. Usaidizi wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa mara ya kwanza hata mwenye kompyuta ya nyumbani alipewa nafasi ya kuongeza mwaka mmoja: katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya bila malipo, na kwingineko, Afrika Mashariki ikiwemo, kwa dola 30 au kwa kukubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika seva za kampuni.