Wakopti wa Misri: wachache wanaishije mu inchi ya Waislamu wengi?

Misri ni inchi ya Waislamu wengi, lakini njo inchi ya Waarabu yenye Wakristo wengi kupita zingine zote. Wengi wao ni Wakopti. Hesabu yao ni jambo la kubishaniwa toka zamani. Makadirio ya kawaida yanasema karibu mutu moja kwa kumi, mu inchi yenye watu zaidi ya milioni 100.

Hapa kwetu mashariki mwa Kongo, toka kundi la ADF lianze kuua watu mu makanisa na mu mashamba, swali moja linarudi mara nyingi: mahali Waislamu ni wengi, mutu wa dini ingine anaishije? Wamoja wanajibu haraka kama kila Muislamu anachukia Mukristo. Wengine wanajibu kama hakuna shida yoyote. Historia ya Wakopti haikubaliane na jibu la kwanza wala la pili. Inaonyesha kama maisha ya walio wachache yanategemea sana vitu vya kila siku: sheria iliyoandikwa, sinyatire ya gavana, polisi anayefika mapema ao anayechelewa, na tribinali inayomaliza kesi ao inayoiacha.

Wakopti ni nani?

Jina "Kopti" linatoka ku neno la zamani la Kigiriki la kuita Wamisri. Kanisa lao linasema lilianzishwa na Marko, mwandishi wa Injili, ku muji wa Alexandria. Mu mwaka wa 451, kiisha mutaguso wa Kalkedoni, liliachana na Makanisa ya Roma na Konstantinopoli. Lina papa wake lenyewe. Papa wa sasa, Tawadros II, anaongoza toka 2012.

Jeshi la Waarabu liliingia Misri mwaka wa 639. Wakristo hawakulazimishwa wote kugeuka siku moja. Walibaki wengi kwa muda mrefu, kisha wakapunguka polepole mu karne zilizofuata. Walikuwa na hali ya "dhimmi", ni kusema watu waliolindwa na mutawala: wanaruhusiwa kusali, lakini wanalipa kodi ya pekee iitwayo jizya na hawako sawa na Waislamu mbele ya sheria. Watawala wamoja walikuwa wapole, wengine wakali. Jizya iliondolewa mwaka wa 1855, na Wakopti wakaanza kuingia jeshini.

Kisha hapo walipanda juu. Boutros Ghali, Mukopti, alikuwa waziri mukuu toka 1908 mpaka alipouawa mwaka wa 1910. Mujukuu wake, Boutros Boutros-Ghali, aliongoza Umoja wa Mataifa toka 1992 mpaka 1996. Lakini cheo cha mutu moja hakionyeshe namna mulimaji wa kijiji anaishi.

Katiba inasema nini?

Katiba ya 2014 inasema, mu kifungu cha 2, kama Uislamu ni dini ya serikali na misingi ya sharia ni chanzo kikubwa cha sheria. Kifungu cha 3 kinawapa Wakristo na Wayahudi haki ya kufuata misingi ya dini yao mu mambo ya ndoa na ya kuchagua viongozi wao. Kifungu cha 64 kinasema uhuru wa kuamini hauna mupaka. Lakini uhuru wa kusali hadharani na kujenga nyumba za ibada ni wa dini tatu tu: Uislamu, Ukristo na Uyahudi.

Asiye mu hizo tatu anabaki inje. Wabahai, kwa mufano, walifungiwa mashirika yao yote kwa agizo la rais Nasser mwaka wa 1960. Kwa miaka mingi hawakuweza kupata karte ya utambulisho bila kudanganya, juu karte ya Misri inaandikwa dini ya mwenyeji. Mu 2009 tu njo waliruhusiwa kuweka kistari mahali pa dini.

Karte hiyo inaonyesha jambo lingine. Mukristo anayegeuka Muislamu anabadilishiwa karte bila taabu kubwa. Muislamu anayegeuka Mukristo anakataliwa. Na mutu akibaki Muislamu ku makaratasi, watoto wake pia wanaandikwa Waislamu.

Kujenga kanisa: kazi ya miaka

Shida iliyowachosha Wakopti kupita zingine ni ruhusa ya kujenga. Chanzo ni agizo la sultani wa Waturuki la 1856. Wakati ule lilionekana zuri, juu lilitambua haki za wasio Waislamu. Lakini liliweka ruhusa ya kujenga kanisa mu mikono ya sultani mwenyewe. Sultani alipoondoka, mamlaka hiyo ikaenda kwa mufalme, kisha kwa rais. Mwaka wa 1934 wizara ya mambo ya ndani iliongeza masharti kumi: kanisa liko mbali kiasi gani na musikiti? Waislamu wa jirani wanakubali? Wakristo wa pale ni wangapi?

Kwa muda mrefu hata kazi ndogo ya kutengeneza jengo la zamani ilihitaji ruhusa ya juu. Mu 1998 tu njo magavana walipewa uwezo juu ya matengenezo. Matokeo yake yanaeleweka. Watu walisali mu nyumba za kawaida bila karatasi. Siku jirani akisikia kama nyumba fulani imekuwa kanisa, kundi la watu linakuja na mawe na moto, likisema linatetea sheria.

Serikali ilijua. Mwaka wa 1972, kiisha jengo la Wakopti kuchomwa ku Khanka, karibu na Cairo, bunge lilituma komisio iliyoongozwa na Gamal al-Oteifi. Komisio iliomba utaratibu wazi wa kujenga makanisa. Sheria yenyewe ilitoka mu mwezi wa 8, 2016: miaka 44 kisha hapo.

Sheria hiyo, namba 80 ya 2016, inamupa gavana miezi minne ya kujibu, na akikataa lazima aeleze sababu. Iliunda pia komisio ya kuhalalisha makanisa yaliyojengwa bila ruhusa. Maombi yalipita 3,700, na kufikia 2024 zaidi ya 3,000 yalikuwa yamekubaliwa. Hiyo ni hatua ya kweli. Lakini ukubwa wa kanisa bado unapimwa kwa hesabu ya Wakristo wa mahali, kipimo ambacho misikiti haipimwi nacho.

Barza pahali pa tribinali

Jambo hili watu wa kwetu watalielewa upesi. Ku vijiji vya Misri ya juu, zaidi jimbo la Minya, kukitokea mashambulizi juu ya Wakristo, mara nyingi kesi haiende ku tribinali. Wazee, viongozi wa dini na wakubwa wa usalama wanaita watu mu kikao cha mapatano. Wanakumbatiana, picha inapigwa, mambo yanasemwa yameisha.

Barza yenyewe si mubaya. Inaweza kuzuia damu zaidi usiku uleule. Shida ni kile kinachofuata. Aliyechomewa nyumba anaombwa aondoe malalamiko yake. Mara zingine familia yake njo inaamriwa kuhama kijiji "kwa ajili ya amani". Aliyechoma anabaki. Kijiji kizima kinajifunza kama kuchoma hakuna bei.

Hata mahali kesi ilifika mbele ya majaji, matokeo yaliumiza. Ku kijiji cha El-Kosheh, siku za mwisho za 1999 na mwanzo wa 2000, watu 21 waliuawa, 20 kati yao Wakristo. Kesi ilisikilizwa mara mbili, na hakuna aliyehukumiwa kwa kuua wale 20. Tarehe 9 mwezi wa 10, 2011, Wakopti walitembea ku Maspero, Cairo, kulalamika juu ya kanisa lililoshambuliwa jimboni Aswan. Jeshi liliwaua watu zaidi ya 20. Maaskari watatu tu walihukumiwa, kifungo cha miaka miwili mpaka mitatu.

Mabomu, na nani anakufa

Mu mwezi wa 8, 2013, kiisha polisi kuvunja kwa nguvu kambi za wafuasi wa rais Morsi, makanisa zaidi ya 40 yalishambuliwa. Mu mwezi wa 2, 2015, Dola la Kiislamu lilionyesha video ya kuchinjwa kwa wanaume 21 ku Libya: Wakopti 20 na Mughana moja, wote wafanyakazi wa mikono. Siku ya Matawi, tarehe 9 mwezi wa 4, 2017, mabomu mawili ku Tanta na Alexandria yaliua watu zaidi ya 40. Ku Alexandria, mulipuaji alizuiliwa ku mulango, na polisi Waislamu walikufa pamoja na waumini.

Mwaka uleule, mwezi wa 11, watu wenye silaha waliingia mu musikiti wa al-Rawda, Sinai, wakati wa sala ya Ijumaa. Waliua Waislamu zaidi ya 300. Anayeua kwa jina la dini hauliziangi tu nani ni Mukristo. Anaua pia Muislamu asiyemufuata.

Sisi tumeona hiyo. ADF wameua waumini mu kanisa ku Kasindi tarehe 15 mwezi wa 1, 2023, na ku Komanda tarehe 27 mwezi wa 7, 2025. Lakini ku Beni, tarehe 1 mwezi wa 5, 2021, aliyepigwa risasi ndani ya musikiti alikuwa imamu aliyekuwa anasema wazi kama jeuri hiyo ni mubaya.

Kimebadilika nini?

Toka 2003, Noeli ya Wakopti, tarehe 7 mwezi wa 1, ni siku ya kupumzika kwa inchi yote. Mu 2019 kanisa kubwa la Kuzaliwa kwa Kristo lilifunguliwa ku muji mukuu mupya, mbele ya rais Sisi. Mu 2022 Mukopti, Boulos Fahmi, aliwekwa kuongoza Tribinali Kuu ya Katiba kwa mara ya kwanza.

Mambo hayo yana uzito. Ila Mukristo wa Minya anapima kwa kitu kingine: akichomewa nyumba leo usiku, kesho dosye yake itafika kwa jaji, ao ataitwa ku kikao apeane mukono na aliyemuchomea?

Hapa Kongo tumegeuzwa upande: Wakristo ni wengi, Waislamu ni wachache. Katiba yetu ya 2006 inasema serikali haina dini (kifungu cha 1) na kila mutu ana uhuru wa kuabudu (kifungu cha 22). Muislamu wa Beni, Butembo ao Kasindi anayetazamwa kama adui juu ya jina lake ao kofia yake, yeye pia anangoja kuona kama maneno hayo yanafanya kazi.