Somo la Historia: Dalali wa Himo na Dalali wa Televisheni

Fungueni madaftari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: dalali, mpaka, hati. Leo twazungumza habari za mtu tunayempa fedha atutafutie kiwanja, na jinsi tulivyofikia kumwamini kwa kumtazama tu katika picha.

Tuanze na Himo. Njia panda yake mwaijua: kutoka hapo waenda Moshi, wapanda Marangu, wavuka Holili kwenda Taveta, au washuka Same mpaka Dar es Salaam. Mahali pa njia nyingi pana wageni wengi.

Zamani za Wamangi, mlimani hapakuwa na dalali. Kihamba kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana. Aliyekosa ardhi alimwendea Mangi, akapewa sehemu iliyo wazi. Mpakani yakapandwa masale, na majirani wakayaona yakipandwa. Ubishi ukizuka baadaye, masale yalikuwa shahidi, na jirani alikuwa shahidi wa pili. Msidhani watu wa siku zile walikuwa wema kuliko sisi. Mwongo wa siku zile alilazimika kukutana nanyi kila siku penye mfereji wa maji, basi alifikiri mara mbili.

Kisha serikali zikaingia kati. Amri ya Wajerumani ya 1895 ilifanya ardhi waliyoiona haina mwenyewe kuwa mali ya serikali yao. Waingereza wakatunga sheria yao mwaka 1923. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukaondolewa. Leo zatumika sheria mbili za 1999, ile ya ardhi na ile ya ardhi ya vijiji: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na katika kijiji halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kuisimamia.

Na dalali je? Jina lake limetoka katika Kiarabu, likaenea pwani pamoja na biashara. Dalali alikuwa mtu wa mnada, anayenadi mali ya mwingine mbele ya watu wote. Huyu wetu wa kijiweni hanadi mbele ya watu. Yeye huongea na mwuzaji peke yake, na mnunuzi peke yake. Kazi yake ni ya halali, na mgeni asiyejua mtu Himo amhitaji. Lakini hapo katikati ndipo pakaapo kile tunachokiita cha juu: mwenye kiwanja ametaja bei yake, dalali ameongeza yake, nawe hujui mpaka kati ya hizo mbili.

Sasa njoo kwenye televisheni. Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vyake mwaka 1994, na baadaye vikatufikia vipindi vya Marekani vya kuonyesha watu wakinunua nyumba. Kimoja ni House Hunters, kilichoanza 1999: mnunuzi huonyeshwa nyumba tatu, akachagua moja. Mwaka 2012 mama mmoja aliyeonyeshwa humo alieleza kwamba yeye na mumewe walikwisha kupata nyumba yao kabla ya kupigwa picha. Nyingine walizozitembelea zilikuwa za rafiki zao, wala hazikuwa zikiuzwa! Kipindi kingine, Selling Sunset, kilichoanza 2019, huonyesha madalali wa Los Angeles waliovaa vizuri mno, wakifungua milango ya majumba ya kifahari. Hicho nakisifu kwa jambo moja: bei na ujira wa dalali huandikwa hapo hapo penye picha. Dalali gani wa kwetu angependa hivyo?

Lakini angalia lisiloonyeshwa. Jimbo la California limewataka madalali wawe na leseni tangu 1919. Akidanganya, aweza kunyang'anywa. Mtazamaji wa kule hamwamini dalali kwa sababu ya koti lake tu. Nyuma ya koti ipo leseni. Sisi leseni hatukuiona, koti tuliliona. Siku hizi kijana hupiga picha za kiwanja kwa simu, akaweka na muziki, naye mtu aliye Arusha akatuma fedha pasipo kukanyaga mahali penyewe. Picha haikumwonyesha jirani, wala mnunuzi wa kwanza aliyekwisha kuuziwa kiwanja hicho hicho.

Hata ng'ambo ya Holili, wenzetu wa Kenya wana sheria ya madalali wa nyumba tangu 1984, pamoja na bodi ya kuwaandikisha. Kwa hiyo ukiwa Taveta waweza kuuliza: umeandikishwa?

Ukiwa Himo, uliza mengine. Nani amepakana na kiwanja hiki? Ofisi ya kijiji yamjua mwuzaji? Mke wake, au mumewe, amekubali? Hilo la mwisho si adabu tu: Sheria ya Ndoa ya 1971 yamkataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Majibu yaandikwe, nawe uyasome mwenyewe kabla ya kutia kidole katika wino. Ukisomewa, mwombe msomaji akuonyeshe neno kwa neno, hasa penye bei.

Chukueni kalamu sasa. Kila mmoja aandike jina la jirani yake wa mashariki, wa magharibi, wa kaskazini na wa kusini. Asiyemjua mmojawapo aende akamwulize kesho. Majina hayo tutayatumia katika somo lijalo, tutakapoandika hati ya mauziano.