Gari ya Mbio Mpya Kabisa, Ila Kukimbia Bado: Historia ya Kuzoesha Injini

Kule Bowling Green, jimbo la Kentucky, Marekani, ndiko Chevrolet Corvette zinakotengenezwa tangu 1981. Mteja akitaka, anaweza kukabidhiwa gari yake mpya kwenye jumba la makumbusho la Corvette, jirani kabisa na kiwanda. Na ng'ambo tu ya barabara kuu kuna uwanja wa mbio wa makumbusho hayo hayo, uliofunguliwa 2014. Yaani funguo mkononi, gari inanukia upya, uwanja uko pale pale.

Sasa kimbembe kinaanzia hapo. Mteja akifungua kitabu cha gari anakuta maagizo: maili 1,500 za mwanzo, kama kilomita 2,400 hivi, ni marufuku kuipeleka uwanja wa mbio au shule ya udereva wa kasi. Kwa mtu wa Bongo, hiyo ni karibu sawa na kutoka Dar mpaka Mwanza na kurudi. Gari imetengenezwa kwa ajili ya kukimbia, mwenye gari kalipa hela ndefu ili akimbie, halafu anaambiwa atulie kwanza!

Wengi wakisikia hivi wanadhani ni mbwembwe za kiwanda. Lakini hili jambo lina historia yake, na waliolitengeneza wengi ni watu ambao majina yao hayajulikani popote: mafundi wa viwandani, madereva wa majaribio na wateja wa kawaida walioua injini zao ili wengine wajifunze.

Enzi za fundi na kikwaruzio

Turudi mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani ya injini kuna mhimili mkubwa, kranki, unaozunguka muda wote injini ikiwaka. Kranki inakalia beringi, na zamani beringi zilimiminwa kwa madini laini meupe yanayoitwa Babbitt, kwa jina la Mmarekani aliyeyabuni 1839. Mashine za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuchonga kwa usahihi tunaouona leo. Kwa hiyo kazi ilimaliziwa kwa mkono.

Fundi alipaka kranki rangi ya bluu, akailaza kwenye beringi, akaizungusha kidogo, akaitoa. Palipobaki na alama ya bluu ndipo chuma kilipogusana. Anachukua kikwaruzio, anapapunguza kidogo sana, anarudisha, anazungusha tena. Hivyo hivyo mpaka kranki ikae vizuri pande zote. Ni kazi ya subira, na mkono wa fundi mmoja haufanani na wa mwenzake.

Hata hivyo, injini ikitoka hapo ilikuwa bado ngumu. Vyuma vilikuwa vimekaribiana, lakini vilikuwa bado havijazoeana. Ford, waliokuwa wakitoa Model T kwa wingi (iliuzwa kuanzia 1908 mpaka 1927), hawakuweza kungoja mkono wa kila fundi. Wao waliifunga injini kwenye mtambo wa umeme, ikazungushwa kwa nguvu mpaka beringi zikakubali. Hapo wazo likawa limezaliwa: injini mpya lazima ipitie kipindi cha kuzoea. Swali lililobaki likawa ni nani atakayeizoesha, kiwanda au mteja?

"Naizoesha injini, tafadhali nipite"

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa ni mteja. Nenda Uingereza ya miaka ya 1930 mpaka 1950 na kitu. Ungekutana na gari mpya inang'aa, inatambaa barabarani kama konokono, kioo cha nyuma kimebandikwa kikaratasi chenye ujumbe wa kuwaomba wa nyuma wapite kwa sababu injini bado inazoeshwa. Vitabu vya magari mengi ya kawaida vya wakati ule viliagiza usizidi maili 30 kwa saa, chini ya kilomita 50, kwa maili 500 za mwanzo.

Fikiria sasa mwenye gari ya michezo. Mwaka 1948 Jaguar walionyesha XK120, na hiyo 120 kwenye jina ilikuwa ni maili kwa saa, yaani kilomita 193. Mwaka uliofuata ikapelekwa Jabbeke, Ubelgiji, ikavuka maili 130 kwa saa. Dunia nzima ya magari ikashangaa. Lakini aliyeinunua na yeye alitakiwa aanze nayo kwa upole kama mwenzake wa gari ya familia. Kile kikaratasi hakikuwa cha aibu. Mtaani kilimaanisha kitu kimoja: huyu kanunua mpya. Ilikuwa ni "show off" ya kipole, miaka mingi kabla ya mtu kupiga picha usukani na kuiweka Insta.

Ndani ya injini kunatokea nini

Twende taratibu hapa, maana ndipo wengi wanapoachwa njiani.

Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda. Kuizunguka kuna ringi, pete nyembamba za chuma zinazozuia moto usipenye kwenda chini na oili isipande juu. Ukuta wa silinda si laini kama kioo. Kiwandani unakwaruzwa makusudi kwa jiwe maalumu, unaachiwa mistari midogo inayokatizana kama wavu. Kazi ya mistari hiyo ni kushika oili.

Injini ikiwa mpya, ncha za mistari hiyo ni kali. Ringi zinapopita juu yake zinazisaga kidogo kidogo, nazo zinajichonga kufuata umbo la silinda yake. Kinachozisukuma ringi zibane ukuta ni presha ya moto wenyewe. Kwa hiyo kuna hatari mbili, na zinavutana.

Ukiikanyaga sana mapema, joto linapanda, oili inashindwa kukaa kati ya vyuma, ringi na ukuta vinakwaruzana vibaya. Ukiibembeleza kupita kiasi, presha inakuwa ndogo, ringi hazibani sawasawa, ukuta unapata utando unaoteleza kama kigae. Matokeo yake injini inakula oili maisha yake yote.

Ndiyo maana kuna kambi mbili zinazogombana mpaka leo. Kambi moja inasema nenda nayo mdogo mdogo. Nyingine inasema ikanyage tangu siku ya kwanza, ringi zibane. Kila kambi imeshika nusu ya ukweli. Ushauri unaofuatwa na viwanda vingi uko katikati: badilisha badilisha mwendo, usikae kwenye spidi moja saa nzima, ipe mzigo wa wastani, lakini usiifikishe mwisho wa nguvu zake.

Na si injini peke yake. Meno ya gia na ya difu nayo ni mapya, yanasagana na kuacha unga wa chuma ndani ya oili. BMW kwenye magari yao ya M waliweka sevisi ya mapema kilomita 2,000: oili ya injini inamwagwa, ya difu inamwagwa. Kwa M3 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya kufika hapo mteja aliagizwa asivuke mizunguko 5,500 ya injini kwa dakika wala kilomita 170 kwa saa.

Kiwanda chabeba mzigo

Kadiri mashine za kuchonga zilivyozidi kuwa sahihi, kile kikaratasi cha kioo cha nyuma kikapotea chenyewe. Magari ya kawaida siku hizi mteja anaambiwa tu awe mstaarabu wiki za mwanzo.

Kwa magari ya mbio, baadhi ya viwanda vikaamua kurudi kwenye wazo la Ford, ila kwa ustaarabu zaidi. Nissan walipoleta GT-R R35 mwishoni mwa 2007, kila injini iliunganishwa kwa mkono na fundi mmoja mwanzo mpaka mwisho. Baadaye wakaanza kuweka kibao chenye jina lake juu ya injini. Honda nao, NSX mpya ilipoanza kutengenezwa Ohio mwaka 2016, kila injini iliwashwa kwenye mtambo na kuzoeshwa kwa kiasi kinacholingana na maili 150 kabla ya kufungwa kwenye gari. Lengo lao lilikuwa mteja aweze kutoka getini na kwenda moja kwa moja uwanjani.

Kwa hiyo yule fundi wa kikwaruzio amerudi kwa sura nyingine, na mteja kapunguziwa mzigo. Ila kupunguziwa si kufutiwa, na wapo waliolijua hilo kwa machungu.

Gari inaandika kila kitu

GT-R ilipoingia Marekani 2008, ilikuwa na ujanja wa kuondoka kwa kasi ya ajabu ukiwa umesimama. Ili uupate, ilibidi uzime mfumo unaolinda gari isiteleze. Baadhi ya wamiliki wakaufurahia sana, wakarudia rudia, giaboksi zikafa. Walipokwenda kudai waranti, wengine wakagonga mwamba: kitabu kilikuwa kimeonya kuhusu kuzima mfumo ule, na gari ilikuwa na kifaa kinachohifadhi kumbukumbu za namna ilivyoendeshwa. Huwezi kusema "ilikuwa imepaki tu" wakati gari yenyewe imeshatoa ushahidi. Bili ya giaboksi ile ilikuwa maelfu ya dola. Baadaye Nissan wakabadilisha programu, uondokaji ukawa wa upole zaidi.

Kesi ile ilikuwa ya giaboksi, lakini funzo lake liligusa gari nzima. Zamani kuvunja sheria ya kuzoesha ilikuwa siri yako na injini yako. Siku hizi kompyuta inajua umekwenda kilomita ngapi na umeifikisha mizunguko mingapi.

Corvette ya mwaka 2020, ile ya kwanza kuuzwa ikiwa na injini nyuma ya viti, ilikwenda mbali zaidi. Maili 500 za mwanzo kompyuta yenyewe inapunguza nguvu kwenye gia za chini. Ukanyage usikanyage, haikupi zote. Kile kikaratasi cha miaka ya 1950 kimehamia ndani ya kompyuta, na safari hii hakiombi mtu.

Kitu ambacho injini haikuokoi

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili, maana hapa si hela tena, ni uhai.

Tuseme injini imezoeshwa kiwandani vizuri kabisa. Breki je? Pedi mpya zikikutana na diski mpya zinagusana sehemu chache tu. Kuna gundi ndani ya pedi ambayo ikipata joto kali kwa mara ya kwanza hutoa gesi, na breki inaweza kupungua nguvu ghafla. Dawa yake ni kuzizoesha: unapunguza mwendo mara kadhaa kwa nguvu ya wastani, kisha unaendesha bila kushika breki ili zipoe. Hapo pedi inaacha utando mwembamba sawasawa juu ya diski, na breki inakuwa breki.

Tairi nazo zikitoka kiwandani huwa na utelezi juu yake, masalia ya kinachosaidia zisigande kwenye kalibu. Zinahitaji kukwaruzwa na lami kwanza. Kitabu cha Corvette kinataka maili 200 za upole, kama kilomita 320, kwa ajili ya breki na tairi.

Sasa mtu anayetoka dukani na kuingia uwanjani siku hiyo hiyo anafika kona ya kwanza kwa kilomita 200 kwa saa akiwa na breki zisizozoea, tairi zinazoteleza na gari asiyoijua tabia zake. Injini inaweza kuwa salama kabisa, na bado yeye akaishia ukutani.

Na huku kwetu?

Gari nyingi za michezo zinazoonekana Dar na Nairobi zimekuja zikiwa zimeshatumika, nyingi kutoka Japani. Kilomita zile za mwanzo zilishaendeshwa na mtu ambaye hutamjua kamwe. Kama alikuwa mvumilivu, unakula matunda yake. Kama alikuwa na pupa, unalipa deni lake kila unapoongeza oili. Dashibodi inaonyesha kilomita ngapi, haionyeshi zile za kwanza ziliendeshwaje.

Ila kuzoesha hakujaisha kwa sababu gari ni mtumba. Injini ikifunguliwa na kuwekwa ringi mpya, imerudi kuwa mpya, na fundi akikwambia uende nayo pole kwa siku kadhaa halafu umwage oili, hakuchezei akili. Ukibadilisha pedi za breki leo, iwe ni Subaru au bodaboda, usiende kuzijaribu kwa mara ya kwanza mbele ya lori.

Yule mteja wa Bowling Green ana kilomita 2,400 za kusubiri huku uwanja anauona. Je, wewe ungeweza kuvumilia, au ungeikanyaga siku hiyo hiyo? Shusha maoni yako hapo chini, na kama fundi wako aliwahi kukupa masharti ya kuzoesha injini, tuambie alikwambia kilomita ngapi.