Login ya Kwanza Ilikwama Kwa Herufi ya Tatu

Wasee, kama laptopu yako imekataa kuingia kwa ile kompyuta nyingine hapo kwa keja, tulia. Hata jaribio la kwanza kwenye mtandao uliozaa intaneti lilifeli.

Ilikuwa usiku wa 29 Oktoba 1969, Marekani. Charley Kline, mwanafunzi wa UCLA kule Los Angeles, alitaka kuingia kwenye kompyuta iliyokuwa Menlo Park, umbali wa kama kilomita 500. Upande ule alikuwa Bill Duvall, na wawili hao walikuwa wanaongea kwa simu. Kline akaandika L. Imefika? Imefika. Akaandika O. Imefika. Akaandika G, mashine ya Duvall ikaanguka. Kumbe ile mashine ilikuwa na tabia ya kumalizia neno yenyewe. Ilipoona G ikarudisha "gin" kwa mpigo, na programu ilikuwa imetengewa nafasi ya herufi moja tu. Duvall akaongeza nafasi, na baada ya kama saa moja Kline akaingia.

Mimi napenda ile simu. Waliulizana kila herufi, ndiyo maana walijua wapi pa kutafuta shida.

Sasa siku hizi mtu akikwama, ushauri wa kwanza anaopewa ni "zima ulinzi wote wa kompyuta." Hapo nakataa. Zamani tulitumia Telnet, iliyotuma paswadi ikiwa wazi kabisa. Mwaka 1995 mtu alinasa paswadi kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini. Tatu Ylönen, aliyekuwa hapo, akaandika SSH, ambayo hufumba kila kitu. Akaiombea mlango nambari 22, kwa sababu FTP ilikuwa na 21 na Telnet 23. Ulinzi huo ulizaliwa kwa sababu watu waliibiwa. Ukiuzima nyumbani halafu ubebe laptopu hadi kwa waifai ya kafe, umewafungulia wote.

Badala yake, soma kile skrini inasema. Ukiona "Connection refused", kwa kawaida kompyuta umeipata, ila hakuna programu inayosikiliza mlango 22. Washa SSH kwa ile mashine unayoingia. Ukingoja mpaka muda uishe bila jibu, angalia kama imelala, kama ruta imeipa anwani mpya, kama moja iko kwa waifai ya wageni, au kama ulinzi unaziba mlango 22. Fungua huo mmoja tu, kwa mtandao wa nyumbani tu. Na ukiona "Permission denied", achana na ruta kabisa. Umefika mlangoni, shida ni jina, paswadi au ufunguo.

Duvall hakubomoa mashine nzima. Alirekebisha pahali pamoja.