Tiba ya leza ya uke

Tiba ya leza ya uke ni tiba isiyotumia homoni ambayo miale ya leza huelekezwa kwenye utando wa ndani ya uke. Lengo lake ni kupunguza matatizo ya uke na mkojo yanayowapata wanawake baada ya kukoma hedhi.

Chanzo cha matatizo

Hedhi inapokoma, ovari hutoa homoni ya estrojeni kidogo sana. Kwa sababu hiyo utando wa uke huwa mwembamba na mkavu, na njia ya mkojo huathirika pia. Dalili zake ni mwasho, maumivu wakati wa kujamiiana, haja ya kukojoa mara kwa mara na maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia. Tofauti na joto la ghafla mwilini, dalili hizi kwa kawaida haziishi zenyewe.

Utaratibu

Leza zinazotumika zaidi ni ya kaboni dioksidi (nanomita 10,600) na ya erbi (nanomita 2,940). Kifaa chembamba huingizwa ukeni na kutoa joto kwenye utando. Joto hilo linakusudiwa kuchochea mwili utengeneze kolajeni mpya na kuongeza mzunguko wa damu. Mara nyingi mgonjwa hutibiwa mara tatu, kwa kupishana wiki kadhaa.

Ushahidi

Tafiti ndogo za mwanzo, zikiwemo za Italia mwaka 2014, zilionyesha nafuu, lakini hazikuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Sydney, Australia, uliohusisha wanawake 85. Baadhi yao walipata leza halisi na wengine leza ya kuigiza. Baada ya miezi 12 hakukuwa na tofauti kubwa ya dalili kati ya makundi hayo mawili.

Usalama

Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilionya kwamba haikuwa imeidhinisha leza kwa matumizi haya. Ilitaja madhara kama kuungua, makovu na maumivu ya kudumu.

Tiba nyingine

Vilainishi na krimu za unyevu za uke hazina homoni. Estrojeni ya kiwango kidogo inayowekwa ukeni imethibitika kusaidia. Wanawake waliowahi kuugua saratani ya matiti, ambao ndio hasa hutafuta tiba zisizo na homoni, hushauriwa kuzungumza kwanza na daktari wao wa saratani.